Mwalimu Tusekile, Mwanzilishi wa Klabu ya Mikono

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, wanafunzi mliokuja na sare zenu, ndugu na majirani wa Kyimo na wa Lupepo, poleni kwa msiba, poleni na hii mvua. Anayewasomea ni Lukasi, mdogo wake marehemu, aliyekabidhiwa karatasi ya familia yenye wasifu wa marehemu jana mchana, akaisoma, akaona imeruka mambo makubwa, akaketi akaiandika upya, kwa hiyo kama kuna neno litakalomkera mtu hapa, lawama ni zake mwenyewe, wafiwa wengine wasiulizwe.

Tusekile alizaliwa tarehe 14 Mei 1954 kijijini Lupepo, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Mzee Ambilikile, mkulima wa kahawa na ndizi, ambaye alipoambiwa ni msichana alicheka kwa furaha mpaka jina likapatikana hapo hapo, maana Tusekile kwa Kinyakyusa ni tumefurahi. Alianza darasa la kwanza mwaka 1962, akamaliza la saba mwaka 1968, akasoma sekondari hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ualimu mkoani Iringa mwaka 1973 na 1974, na huko ndiko alikojifunza sayansi kimu, kufuma, kushona, na kuoka mkate ndani ya pipa, maana jiko la maana chuoni lilikuwa moja na wanachuo walikuwa mia mbili.

Januari 1975 alipangiwa Shule ya Msingi Kalambwe, pembeni ya mji wa Tukuyu, akafundisha hapo miaka ishirini na mitatu bila kuhama. Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu Ambwene, fundi seremala, mtoto wa Mzee Hezron wa hapa Kyimo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Prosper aliyezaliwa 1979 na Tulia aliyezaliwa 1982.

Hapa inabidi wageni waelezwe jambo, wenyeji wavumilie. Kwetu mke humkwepa baba mkwe wake, hamtazami, haongei naye, haingii chumba alimo, wala jina lake halitamki, ndiyo heshima tunayoiita ukutila, na ingawa wakristo wengi siku hizi wameilegeza, marehemu alifundwa na mama yake na hakuilegeza hata siku moja. Akimwona Mzee Hezron anakuja njiani, aliingia migombani na vikapu vyake mpaka mzee apite. Darasani alikuwa na mwanafunzi mwenye jina hilo la mzee, na kwa miaka saba mtoto wa watu aliitwa "wewe wa dawati la pili", hata alipohamia la nne. Tulimcheka sana, naye alicheka na sisi.

Tarehe 3 Machi 1988, siku ya Alhamisi, baada ya vipindi, alianzisha Klabu ya Mikono. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya ile miaka ya foleni, ngano ilipatikana, sukari ilipatikana, na marehemu aliona watoto wanatoka shuleni saa tisa wanakwenda kuzurura sokoni kutazama vitu wasivyojua kuvitengeneza, akasema heri wajue. Alianza na wanafunzi kumi na wanne, wavulana kwa wasichana, wakalaza pipa juu ya matofali, wakalikandika udongo, wakakata makopo ya mafuta yakawa vyombo vya kuokea, wakanoa spoku za baiskeli zikawa sindano za kufumia. Bwana Husseni mwenye duka aliwapa unga wa mifuko iliyopasuka. Walioka skonzi na mikate ya ndizi mbivu, wakasuka vikapu vya mianzi, na hakuna aliyemaliza la saba kwenye klabu ile bila sweta aliyoifuma mwenyewe, wapo wazazi waliocheka kusikia mvulana anafuma, wakaacha kucheka baridi ya Juni ilipoingia.

Mwaka 1990 alikuja mwalimu mpya, Winfrida, ambaye marehemu alikuwa amemfundisha tangu darasa la tatu. Alimpokea kama binti yake, akamweka nyumbani kwake miaka miwili, akamshika mikono kwenye unga mpaka akajua kuukanda, na kwenye harusi yake keki ilitoka ndani ya lile pipa. Tena, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Hezron na marehemu asingeweza kuingia kwenye kikao chake, Winfrida ndiye aliyekuwa mdomo wake, alipewa maneno ya klabu akayapeleka, na marehemu alipoiandikia kamati barua, aliyeipeleka ni yeye.

Ijumaa tarehe 12 Agosti 1994 walikuja wafadhili kutoka Dar es Salaam, waliosikia habari za klabu na wakataka kuipa cherehani kumi na tanuri la umeme, wakakaa na kamati ofisini. Marehemu alikuwa nje, chini ya dirisha, anatoa skonzi za wageni, na dirisha lilikuwa wazi. Mgeni mmoja akauliza mwanzilishi ni nani. Winfrida akasimama, akasema, "Ni mimi, niliianzisha kwa mikono yangu." Mzee Hezron, ambaye kwa heshima ileile hakuwahi kufuatilia shughuli za mke wa mwanawe, akauliza, "Na huyu mkamwana wangu, yeye kazi yake nini?" Winfrida akajibu, "Ananisaidia kuwasha moto."

Marehemu alisikia. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua sita, na hakuzipiga, kwa sababu ndani alikuwemo baba mkwe wake. Alipanga skonzi kwenye sinia, akampa mwanafunzi apeleke ndani, wakala wote.

Tanuri na cherehani zilifika Februari 1995 zimeandikwa jina la Winfrida, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha ualimu, amevihamishia mjini kwenye duka lake, eti klabu imekua. Wanafunzi wakaambiwa wamfuate huko, waliofuata wakawa vibarua wa kufunga mikate kwenye karatasi. Marehemu alibaki na pipa lake na watoto kumi na mmoja. Hakutaka tanuri wala cherehani. Alitaka mtu mmoja tu amwambie Mzee Hezron ukweli, mwenyekiti auandike kwenye vitabu vya shule, ili klabu irudi kwa watoto. Alimwambia mumewe, naye akasema atazungumza na baba yake, msimu wa kahawa ukapita, wa maharage ukapita, miaka minne ikapita. Kwa walimu wenzake alipata pole nyingi.

Novemba 1997, wakati wa zile mvua kubwa, alianza kuvimba miguu, ikaonekana presha, kisha figo. Alilazwa hospitali ya wilaya mara tatu, na Jumatano tarehe 3 Juni 1998, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliombeba kwa machela barabara ilipokatika, Bwana Husseni na mkewe Hadijah waliowapikia waombolezaji tangu juzi, na walimu wenzake kwa jeneza. Karatasi ya kwanza ilimshukuru pia Winfrida kwa ushirikiano wake. Jina hilo Lukasi amelifuta, na kama Winfrida yupo, na tunamwona yupo, asisubiri kuitwa kupokea shukrani.

Mzee Hezron, shikamoo. Uliuliza swali, ukajibiwa uongo, na leo ndiyo mara ya kwanza unaambiwa. Mkamwana wako ndiye aliyeanzisha klabu, yote, kuanzia tofali la kwanza. Ofisini mle siku ile mlikuwa na watu tisa wa hapa, na tukikutoa wewe, wote tulijua. Ambwene alijua, akamwogopa baba yake. Mwalimu mkuu alijua, akawaogopa wafadhili. Na aliyekuwa mjumbe wa wazazi, kiti cha tatu kutoka mlangoni, alikuwa Lukasi huyu anayesoma, ambaye hakatazwi na mila yoyote kusema mbele yako, ila binti yake alikuwa ameshaahidiwa cherehani moja kati ya zile kumi, basi akainama akala skonzi ya dada yake.

Dada, ulituomba neno moja, tena jepesi. Tumelisema leo, na wewe husikii. Pumzika kwa amani, kama tumekuachia amani yoyote.