Risala ya Watunza Maua wa Ng'ambo Kuhusu Mkasi wa Kamati ya Mapambo

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Jimbo, pamoja na Mama uliyefuatana naye. Waheshimiwa mlioketi kivulini, nanyi wenzetu mliosimama juani:

Sisi wanawake watunza maua wa Ng'ambo tunasema karibu. Tumekwisha kusema karibu mara nne tangu mvua za kwanza: kwa bwana wa reli, kwa bwana mifugo, kwa baba askofu, na kwa mgeni mmoja aliyekosa treni asifike kabisa. Maua yake yalikatwa vilevile.

HISTORIA YETU

Bibi zetu walipewa mbegu na wapagazi wa misafara, zimefungwa kwenye pindo la nguo. Kwa hiyo mbegu tunaijua. Tusichokijua kilikuwa viazi vya maua ya dalia, tulivyogawiwa mwaka 1951 pamoja na maagizo: mvua zikiisha vichimbueni, vikausheni, mvipande zikirudi. Mgeni rasmi, mwambie Mnyamwezi akaushe kiazi, uone. Tulivimenya, tukavikata vipande, tukavianika juu ya mwamba kama michembe yetu ya viazi vitamu. Novemba tukavipanda. Hadi leo tunavingoja.

Kosa hilo lilikuwa letu, hatukumsingizia mtu. Hili la sasa si letu.

MAFANIKIO

Vitunguu vya maua mekundu vimetukubali, na zinia zetu, maua ya kupanda kwa mbegu, zinasimamisha baiskeli barabarani. Iliyo bora ni ya mwenzetu Apolinaria, ya rangi ya kaa la moto. Marehemu mumewe, Ambrosi, alimletea kutoka Kigwa mbegu saba ndani ya kibiriti. Kila mwaka Apolinaria huacha vichwa vikauke kwenye shina hadi viwe kahawia, ndipo hupukuchua mbegu, huzichanganya na majivu na kuziziba kibuyuni juu ya meko. Humwambia kila anayepita kwamba Ambrosi yumo mle.

SHIDA

Shida ni mkasi. Kila ajapo mgeni, Silasi, karani wa Kamati ya Mapambo, hututangulia kuamka. Leo alfajiri alikuwa kwa Apolinaria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka mkasi chini kwanza, ndipo unisalimu."

"Ni heshima ya mgeni, mama. Maua yataota tena."

"Kwa mbegu ipi, Silasi? Unawakata watoto hawajazaliwa! Mwakani mgeni utamvika nini, majani ya muhogo?"

Alikata tuta zima. Apolinaria aliingia ndani, akashusha kibuyu, akakitikisa sikioni. Kimya. Mbegu zote alikuwa amezipanda mvua hizi. Akakitikisa tena, kana kwamba mara ya kwanza hakusikia vizuri. Kisha akakumbuka shina moja lililojiotea nyuma ya choo, lenye vichwa vitatu. Huko Silasi hakufika, kwa kuwa kamati haijaagiza mapambo ya choo.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba: ndoo, uzio wa mbuzi, na mengineyo. Tumeyafuta sita ili hili lisikike. Tunaomba utamke hapa hapa, mbele ya watu, kwamba ua lililofungwa uzi mweupe ni la mbegu, halikatwi, hata ashuke mgeni gani kwenye treni. Silasi yuko nyuma yako. Mfuko wa koti uliovimba ni wa mkasi.

Mgeni rasmi, nafasi iliyo wazi katika mstari wetu wa mbele ni ya Apolinaria. Hakukataa kukulaki. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya choo chake, na atakaa hapo mpaka treni yako iondoke. Ametutuma tukwambie kwamba ukitaka kuliona ua lake likiwa hai, unakaribishwa sana, si mbali. Ila uje peke yako.

Na ua lake hilo lililo kifuani pako, ukilivua usilitupe. Lirudishe. Lilibakiza siku tisa tu likomaze mbegu.

Mungu akujalie umri mrefu, na maua ya Ng'ambo ayajalie hivyo hivyo.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Watunza Maua, Ng'ambo, Tabora.
Imesomwa na Bibi Veneranda, aliyeishia darasa la nne lakini macho anayo.