Kiwanja cha Mbele ya Nyumba

Sogeeni, wanangu. Wewe Mbwana kaa upande huu na wewe Sadala upande ule kama mlivyozoea, na dada yenu Mashavu akae katikati aniinue kichwa, maana pumzi yangu imekuwa fupi na sitaki mtu aje kudai mama alisema hivi kumbe nilisema vile.

Mbuzi wangu ni wa Mashavu, asiulizwe na mtu. Kitanda hiki kichomeni moto, kunguni wake nimewalisha vya kutosha. Shamba la kule tulikotoka, kabla lori halijatuleta katika kijiji hiki cha Ujamaa, limeshakuwa pori, na mimi simlaumu mtu. Wale vijana waliotupakia walitumwa, na aliyewatuma nadhani alitutakia mema, ingawa angetungoja tuvune kwanza.

Kinachobaki ni kiwanja cha mbele ya nyumba. Najua wewe Mbwana unataka kupanda mahindi pale, na wewe Sadala unataka kujenga zizi, na kila mmoja ameshakwenda kwa siri kwa balozi wa nyumba kumi kumnong'oneza. Najua kwa sababu balozi alikuja kuninong'oneza mimi. Sasa sikieni neno langu: pale hapalimwi wala hapajengwi. Pale ni pa watoto kuchezea.

Usigune, Mbwana. Baba yenu alipokuwa akikata mkonge Mazinde, bibi yako mzaa baba alikufuga ndani kama yai, jua lisikupige, vumbi lisikuguse, ukawa mwembamba kama fito, chakula hutaki, usiku hulali, na jogoo akikusogelea unampa kitumbua chako kabla hajakiomba. Siku bibi alipokwenda Handeni kwenye msiba, nilikufungulia mlango. Pale kambini walikuwapo watoto wa Kihehe, wa Kimakonde, wa Kinyamwezi; asubuhi hakuna aliyemwelewa mwenzake, adhuhuri wote wanatukanana kwa Kiswahili safi. Ulirudi jioni goti limechubuka, kaptura imechanika, ukala ugali wako na wa baba yako, naye akabaki anatazama sahani, kisha ukalala usingizi wa mtu aliyelima. Jogoo alipokuja kesho yake alikuta kuna mtu mwingine pale. Bibi yako aliporudi alisema mtoto amerogwa.

Kule nje mtoto anajifunza kungoja zamu yake kwenye bembea, anajifunza kushindwa leo na kurudi tena kesho, na kugombana na mwenzake mchana, jioni wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Hilo la mwisho ninyi wawili mmelisahau. Mbuzi wa Sadala walikula muhogo wa Mbwana. Sawa, walikula, na tangu siku hiyo mnasemeshana kwa kupitia wake zenu, kama vile mmoja wenu yuko Tanga na mwingine Bukoba.

Mnadhani watoto wenu hawaoni? Mimi nashinda hapo mlangoni, nawatazama. Wana mchezo wao wanauita Baba Mkubwa na Baba Mdogo. Zamda wa Mbwana anasimama huku amekunja uso, Abdi wa Sadala anasimama kule amegeuza mgongo, na mwenzao wa katikati anapeleka maneno. "Mwambie huyo bwana, mbuzi wake hawana adabu!" "Mwambie huyo bwana, muhogo wake ulikuwa mchungu, mbuzi wangu wameharisha!" Anayecheka kwanza ametoka. Juzi nilicheka mpaka kifua kikabana, na pengine kicheko hicho ndicho kilichonilaza hapa, kwa hiyo mkinizika mjue mmechangia.

Basi leo mtaucheza ninyi. Atakayemaliza bila kucheka, kiwanja ni chake, alime au ajenge apendavyo. Simama, Mbwana. Sadala, geuka. Mashavu, peleka maneno. Haya, baba, anza.

Nini? Sisikii, sema kwa sauti. Eti mbuzi wake walikula mpaka na mpini wa jembe? Mpelekee hayo, Mashavu. Naye anajibuje? Eti mpini ndio uliokuwa mtamu kuliko muhogo?

Sadala, mabega yanatetemeka nini? Kikohozi? Kikohozi gani hicho cha kutoa machozi? Na wewe Mbwana, ondoa mkono mdomoni tuyaone meno.

Haya. Mmetoka wote wawili. Kiwanja kimebaki kwa wenyewe.

Ngojeni... nipumue kidogo.

Nikiondoka, majamvi ya wageni yatandikwe nyuma ya nyumba, si mbele. Akija mtu mzima kuwanyamazisha watoto eti kuna msiba, mwambieni marehemu alikataa. Sadala, badilisha kamba ya bembea, ile imechakaa. Na Mbwana aijaribu kwanza, yeye ndiye mzito.

Mungu awajalie watoto wenye magoti ya makovu... watoto wa kuitwa mara nyingi ndipo waje kula. Awajalie na ninyi... kusemeshana ana kwa ana.

Nishushe kichwa, Mashavu. Taratibu.

Nani analia huko nje? Abdi? Hapana, Sadala... usitoke. Ameanguka tu. Kaa hapa... sikiliza...

Umesikia? Ameshainuka.