Kupika Ndio Kuua?

Wenzangu wa chama cha kuzikana, mmeniomba niseme nilivyotoka edani na akili zangu. Nitasema nikiwa nimekaa, magoti haya hayanisikii. Jina la mtu sitaji; mnaojijua mtainama wenyewe.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Alirudi, akala wali na samaki niliopika mie, akalala, hakuamka. Daktari wa serikali alisema moyo umesimama. Mtaa wetu hapa Temeke ukasema umesimamishwa.

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lina makali. Mlikuja kunipa pole na vyakula vyenu, chai yangu ikapoa vikombeni. Mama mkwe niliyekuwa naishi naye nyumba moja akawa anaomba maji ya kunywa kwa jirani. Niliumia, nikaacha kula.

Mpangaji wangu, mwalimu kutoka bara, ndiye aliyeniona nakwisha. Akaniambia, "Dada, eda haikuruhusu kutoka. Basi tutasafiri humu humu ndani." Alikuwa na kitabu cha Kizungu, hadithi ya Misri ya mafirauni, akawa anakisoma jioni huku anakigeuza Kiswahili. Mtunza ghala wa mfalme kafa baada ya chakula. Mkewe kakamatwa, kwa kuwa ndiye aliyepika.

Nilitaka kumfukuza. Kisa gani hicho cha kumsomea mjane? Akasema, "Ngoja kwanza."

Kisa cha mauaji hakihitaji mpiga mbiu. Mkaanza kuja, eti kunijulia hali, na mikeka yenu! Mama mkwe akawa anakaa mlangoni anachagua mchele, mchele wenyewe hauishi.

Siku Firauni alipomhukumu yule mke kifo, mmoja wenu, aliyenisema kuliko wote, akaruka: "Hakuna haki hapo! Kupika ndio kuua? Mbona karani aliyeingia kwa mlango wa uani hawakumuuliza?"

Nikamwambia taratibu, "Hebu rudia, shoga. Kupika ndio kuua?"

Mwalimu akafunga kitabu. Shoga akaanza kulia, na mie nikalia.

Mama mkwe akasema pale mlangoni, bila kunitazama, "Mwanangu, nina kiu. Nipe maji."

Nilimpelekea. Akanywa yote, akanirudishia kikombe. "Niongeze."

Namshukuru mwalimu. Nawashukuru na nyie mliorudi kuomba radhi. Muuaji wa Misri siwaambii, mliokosa mwisho wake kamuulizeni mwalimu mwenyewe. Ila mkisikia mtu kafiwa na maneno yameanza, nendeni kwanza mkanywe chai yake.

Yangu imeshachemka. Nani nimmiminie?