Pacha Aliyewahi Kuoga

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheha wetu, Shehe uliyetufungulia kwa dua, wakuu wa ofisi na wafanyakazi mliofika hapa Gombani kumuaga Mkurugenzi wenu anayehamia Unguja kwa cheo kikubwa zaidi, na nyinyi jamaa zangu wa Kiuyu mliokaa nyuma kwa sababu viti vya mbele vimeandikwa majina: assalaamu alaykum.

Mimi ni Zulekha. Msishangae kuuona uso wa Mkurugenzi umekuja na mikono ya mkulima wa mwani. Bi Khairat ni pacha wangu. Yeye alitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata, na tangu siku hiyo nimezoea.

Nimewasikiliza walionitangulia kusema. Mzee Haroub, mkwe wetu, amesema uongozi ni damu, na mbegu njema haijifichi. Mheshimiwa amekataa. Amesema damu si kitu, kila mtu hujichagulia maisha yake, na aliyebaki chini kachagua kubaki. Vijana mmepiga makofi. Nami nimepiga, maana nimelelewa kwa adabu. Lakini Mzee wangu, damu yangu na ya Khairat si ile ile? Na wewe Mheshimiwa, mimi nilichagua lini? Nimekaa pale nyuma nikijiuliza, na nimeikumbuka siku moja tu.

Tulikuwa hatujaanza shule. Shangazi yetu Bi Saada, mkaazi wa Jadida kule Wete, hakujaaliwa mtoto, akamuomba baba yetu ampe mmoja amlee. Baba akaridhia, ila hakusema yupi. Siku ya kuja shangazi, mama aliteka maji akatuambia tuoge sote, tupendeze, achague mwenyewe. Khairat akaoga mwanzo. Mimi nikawa nacheza matope, nangoja zamu yangu. Mara gari ya kazini kwa mume wa shangazi ikafika, mapema kuliko tulivyotarajia, na dereva ana haraka, anasema inasubiriwa bandarini. Shangazi akatutazama: mmoja ananukia sabuni, mwengine ana matope mpaka kwenye kope. Akauliza yupi aliye tayari.

Mama akasema, "Huyu kashakoga."

Basi. Hapo ndipo alipoteuliwa Mkurugenzi.

Huko Jadida Khairat alikuta taa ya umeme, chai ya asubuhi, mwalimu wa tuisheni, na mume wa shangazi anayejua apige simu wapi. Na alisoma kwa bidii, simnyimi haki yake. Lakini bidii hata mimi ninayo. Maji yakitoka alfajiri nimo baharini nafunga mwani kwenye kamba. Yakijaa nimo shambani napalilia muhogo. Tofauti ni kwamba bidii ya Khairat ilitazamwa na walimu, na yangu ikatazamwa na kaa. Na kaa, waheshimiwa, mpaka leo hawajampandisha mtu cheo.

Miaka kadhaa nyuma Khairat alikuja Kiuyu. Nyumba ya shangazi ilikuwa imeshakuwa yake. Akaniomba nimpe binti yangu mmoja akasome mjini, Mwatima au Raya, yeyote nitakayempenda. Nikamwambia sina ninayempenda kuliko mwenzake. Awachukue wote au awaache wote. Akasema nyumba haitoshi.

Nikamjibu, "Hata enzi za Bi Saada ilitosha mtoto mmoja tu. Ndiyo maana mimi nipo hapa."

Alinyanyuka na chai hajaimaliza. Mwaka mzima hatukusemezana, hata Idi haikutupatanisha. Kila nilipowaona wanangu wanarudi pwani na magunia ya mwani kichwani nilijuta, nikijiambia kuwa kiburi changu kimewakosesha wote wawili. Kina mama mliozaa, nani kati yenu asiyejua uzito wa hilo?

Kisha Ijumaa moja gari ikasimama mlangoni. Khairat hakukaa. Aliniambia niwatilie watoto nguo zao mkobani. Nikamuuliza yupi.

Akasema, "Zulekha, nimesema nguo zao."

Nililia mbele ya dereva, na yeye akalia mbele ya majirani, ingawa huko ofisini mnasema hajui kulia.

Mwatima leo anasomea ukunga. Raya na kitabu hawakupatana. Alifeli, akarudishwa darasani, akafeli tena, akapelekwa kujifunza upishi, na keki mtakayokula hivi punde ni kazi ya mikono yake. Huko kwetu angefeli mara moja tu, na papo hapo angehesabiwa kuwa ameshajichagulia maisha. Kumbe katika vitu mnavyozaliwa navyo nyinyi wa viti vya mbele, kimojawapo ni ruhusa ya kukosea mara ya pili.

Dada Khairat, leo wamekusifu kwa cheo, kwa elimu na kwa ukoo, na mengi katika hayo ulikabidhiwa ukiwa hujui hata kufunga kiatu. Mimi nakushukuru kwa ile Ijumaa. Hukuirithi kwa baba, hukuachiwa na shangazi, na hakuna aliyekuamrisha. Ile uliichagua wewe. Mheshimiwa, hapo tu ndipo ninapokubaliana na wewe.

Mwenyezi Mungu akufikishe Unguja salama, dada yangu. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea masikio.