Shamba la Ukoo Kisiwani Sapelo

Itangazwe kwa taadhima kwamba feri ya Sapelo, Georgia, Marekani, iliondoka ikiwa na mhitimu mmoja wa shule ya bweni, amelala fofofo. Mhitimu ni mimi, na nilikuwa macho kabisa.

"Shamba letu la kisiwani wazee walilinunua walipotoka utumwani," bibi yangu Ernestine alimwambia binamu wa baba yangu, mgeni kutoka Atlanta. "Ni la ukoo mzima."

"Nauza fungu langu tu, shangazi."

"Ukiuza wewe, mnunuzi ataiomba mahakama ilipige mnada lote, pamoja na makaburi! Utazikwa wapi, kwenye uwanja wa gofu?"

"Kwani nyie mnakula makaburi?"

Bibi alinigeukia. Feri ikagusa gati.

"Cassius, acha kukoroma kwa uongo. Wewe huuzi fungu lako, sivyo?"

Nilifumbua macho. "Nimeshatia sahihi, bibi."