Mwalimu Zéphirin Mukendi na Mahari Asiyoijua

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika: mimi ni Hortense, mdogo wake marehemu. Karatasi mliyopewa mlangoni niliiandika mimi. Pale kwenye ndoa niliweka mistari miwili tu, na haisemi kweli. Leo nitasema kwa urefu, na naomba msinikatize.

Marehemu Zéphirin Mukendi alizaliwa Likasi tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa Papa Édouard, fundi wa karakana ya migodi aliyetoka Kasai, na Mama Perpétue. Alibatizwa, akatumikia misa, akaimba kwaya kwa sauti mbaya ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia. Likasi ndiyo iliyokuwa kwetu. Hatukujua kwingine.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hukohuko, kisha akaja Lubumbashi kusomea filozofia chuo kikuu, akamaliza mwaka 1989. Alirudi Likasi kufundisha. Mwaka 1993, sisi wenye asili ya Kasai tulifukuzwa Likasi, tukiitwa wageni. Tulilala stesheni wiki tano tukingoja treni, na mama alifia palepale, kwenye saruji. Waliotutoa nyumbani ni watu tuliopokea nao komunyo. Kaka hakulia. Aliniambia: "Hortense, bale banajua amri za Mungu kutupita. Miye sitabeba tena bien na mal ya bantu, muzuri na mubaya yao. Nitajitengenezea yangu." Baba alipanda treni kwenda Kasai, sisi wawili tukaja Lubumbashi.

Kuanzia 1994 hadi 2022 alifundisha filozofia katika komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Kila mwaka, siku ya kwanza, aliwauliza wanafunzi: taja kitu kimoja unachokiona chema, ambacho hukufundishwa na mzazi, wala padri, wala mchungaji, wala redio.  Mwaka mmoja msichana aitwaye Princesse alijibu kwamba ni munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kikiwa baridi. Kaka alicheka mpaka miwani ikaanguka, akampa pointi zote. Wiki iliyofuata alipita sokoni akamwona Princesse ameketi kando ya bibi mmoja mwenye ndoo ya munkoyo. Alirudi nyumbani amenuna. "Ni kambo yake njo alimufundisha," alisema, yaani bibi yake, na jioni ile hakula.

Wanafunzi walipomuuliza yeye mwenyewe kama kuna mtu wa siku hizi anayeweza kujitungia thamani zake, alijibu, "Iko mumoja. Ni miye." Na ushahidi wake ulikuwa ndoa yake. Sasa nafika hapo.

Alimpenda Honorine, binti wa Papa Kapya wa Kipushi. Alitangaza kwamba hatatoa mahari. Yeye na Honorine wangeahidiana kwa maneno waliyoyatunga wenyewe, basi. Mimi nilikwenda Kipushi kumwombea radhi. Papa Kapya alinisikiliza, akasema, "Mutoto yangu haiko jiwe ya kuokota mu njia. Mulete kitu, hata yeye asijue." Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeolewa mimi, na kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Nikapeleka mbuzi wawili wa mahari yangu, kitenge cha mama mkwe wake na koti la baba mkwe wake. Honorine alikuwepo, alinisaidia kuwafunga.

Tarehe 6 Julai 1996, kwenye ofisi ya komini, afisa aliuliza kama mahari imefika. Papa Kapya akajibu, "Ilifika." Kaka alinikonyeza. Aliamini mzee anadanganya kwa ajili yake, kwamba tayari ameanza kumgeuza mtu mmoja. Nami nikamkonyeza vilevile. Nilidhani namfanyia wema.

Walipata watoto wawili, Estelle na Gradi. Mwaka 2017 Estelle alipochumbiwa, kaka alikataa kupokea chochote. Afisa alipouliza, alisema yeye mwenyewe, "Ilifika," akiwa na furaha kubwa. Safari hii hakuna kilichokuwa kimefika. Mama mkwe wake Estelle hakuchelewa kumwambia, "Weye balikutupa." Bila mahari, Estelle alipougua, nani wa kumwita? Alipopigwa, nani angekuja kudai? Miaka miwili baadaye alirudi na mtoto mgongoni. Baba yake alimtazama akasema mbele yetu sote, "Mama yako alikaa na heshima miaka yote bila mahari. Ni weye haukujua kuvumilia." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa chai. Honorine naye alikunywa. Estelle akaenda Kasenga kuuza samaki, na nyumbani hakuja tena isipokuwa Krismasi moja.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza kaka mwaka 2022, ukafika kwenye figo. Jumamosi tarehe 3 Mei mwaka huu, 2025, aliniambia kitandani: "Nimeshindwa mengi, lakini ndoa yangu niliiunda miye." Sikuweza tena. Nilimwambia yote, mbuzi, kitenge, koti. Akamuuliza mkewe kama alijua.

Honorine alisema, "Nilijua, papa Estelle. Kama hazikufika, singekuya kwako."

Kaka aligeukia ukutani. Baadaye aliagiza mambo mawili. Kwanza, tuichane karatasi aliyoiandika zamani, iliyokataza kwaya, sare za vitenge na mahubiri kwenye maziko yake. "Mufanye vile bantu banafanyaka," alisema. Ndiyo maana mmevaa hivi, na kwaya iko pale. Nilitamani anikatalie. Nilitamani agombe, kama siku zote. Pili, alisema, "Muniitie Estelle."

Tulimpigia. Gari la samaki alilopanda liliharibika njiani. Mwalimu Zéphirin alifariki Jumanne tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na moja. Estelle alifika saa saba mchana.

Ameacha mke, Mama Honorine. Watoto wawili, Estelle na Gradi. Mjukuu mmoja, Israël. Mimi dada yake. Na wanafunzi wengi ambao hakuna aliyelijibu swali lake.  Nimelifikiria siku hizi nne, nikaona kwamba alichokitunga peke yake hakuna aliyekishika, na kilichomshikilia kilikuwa cha watu, naye hakukijua.

Estelle, mama, simama wakuone. Baba yako alikuita. Sijui alitaka kukuambia nini, na sitasema alitaka kuomba msamaha, kwa sababu hakulitamka neno hilo. Ninachokijua mimi ni kwamba mama yako hakukushinda kwa uvumilivu. Mama yako alikuwa na mbuzi wangu nyuma yake. Wewe tulikuacha mikono mitupu, tukakaa kimya ulipolaumiwa.

Zéphirin, kaka yangu, pumzika kwa amani. Amani yangu mimi nitaiomba kwa Estelle.