Mwalimu Apollinaire Syauswa, Aliyerudi Kusahihisha Somo Lake

Ndugu, jamaa, mapadri, walimu na majirani, familia inawaomba kimya kidogo, mupate kusikia safari ya baba yetu Apollinaire Syauswa hapa duniani.

Alizaliwa Kipese tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi palepale, akamaliza sekondari Musienene mwaka 1982, akaingia seminari kusoma filozofia miaka mitatu, akatoka bila upadri lakini na swali lisilomwacha, yaani akili na mwili wa mtu vinaishi vipi pamoja.

Kuanzia Septemba 1986 alifundisha filozofia Butembo, baadaye Beni, akiwaambia wanafunzi kila mwaka kwamba mwili ni pikipiki na akili ni dereva, na dereva mwema hasikilizi malalamiko ya pikipiki, hata yeye mwenyewe alifundisha na malaria, akitetemeka, chaki mkononi.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mama Marie-Jeanne Kahongya, muuzaji wa maharagwe, Mungu akawajalia watoto watatu, Eliane, Esdras na Falonne.

Tarehe 9 Mei 2016, akitoka matanga Kalunguta, gari alimopanda na wenzake lilishambuliwa, akalala siku mbili amejificha katikati ya migomba, akarudi nyumbani bila jeraha, lakini sauti ilikuwa imekwenda, na mkono wa kuume haukuweza tena kushika chaki, madaktari wakapima kila kitu wasione ugonjwa, naye akaona haya kuliko maumivu, kwa kuwa dereva alikuwa anaamuru na pikipiki inakataa.

Ndipo mama Hawa, binti ya mzee Issaka msafirishaji wa Beni, kiné, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, aliyejifunza yoga Kampala, alipomlaza juu ya mkeka, akamwagiza ahesabu pumzi tu. Mwalimu akaandika kwa mkono wa kushoto, “Natafuta dawa, hapana michezo,” naye akamjibu kwa upole, “Mwalimu, mwili yako iko inakumbuka mambo yenye kichwa yako inakatala kusema, tuiache iseme.” Wiki ya sita alilia sana juu ya ule mkeka, na alipomaliza kulia akaita, “Kahongya,” na mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akaangusha ungo.

Wako waliosema ameacha dini, akawajibu, “Naomba Mungu sawa zamani, ila sasa naomba na mapafu pia.” Mwaka 2018 aliwatafuta wanafunzi wake wa zamani, sokoni na maofisini, akiwaambia, “Batoto, niliwafundisha vibaya, hakuna dereva na pikipiki, kuko mutu moja,” na kila Jumamosi yeye na mama Hawa wakawafundisha wakimbizi wa vita kupumua, katika sale, ukumbi wa parokia, bila malipo.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akarudi Butembo kutibiwa, akatuacha Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mama akihesabu pumzi pamoja naye, mpaka akajikuta anahesabu peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, walimu wenzake walioleta unga na makaa, majirani waliolala nasi hapa kilioni, na mama Hawa, aliyekuja kutoka Beni kwa barabara tunayoijua sote.

Tata, baba yetu, umefanya kazi, enda sasa upumzike, amani ya Bwana ikukalie.